Muulize Fundi wa Sauti: Plagi ya kona iliyolala

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina kifaa kidogo cha kuchezea muziki ambacho hukaa kwenye mfuko wa shati tangu asubuhi hadi jioni. Hedifoni zangu zina plagi ya milimita 3.5 iliyonyooka, na kila nikiinama ukingo wa mfuko unaisukuma. Soketi ya kifaa cha kwanza ililegea mpaka ikafa. Hii ya pili imeanza kutoa mikwaruzo. Nilinunua plagi ya kona, lakini ni nene kama kidole gumba, na kwa sababu ya kava haizami hadi mwisho. Nasikia mtu anaweza kujitengenezea yake, fupi, inayolala juu ya kifaa. Ni kweli? Kulehemu najua kidogo. – Mwenye mfuko wa shati

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Ni kweli kabisa, na nimefurahi umeuliza wakati soketi ya pili bado ina uhai.

Kabla hujashika koleo, elewa kinachoiua soketi. Pini ya plagi yako ina urefu wa milimita 14 hivi, na hiyo ndiyo sehemu inayoingia ndani. Nje unabaki mwili wa plagi na mkia wake wa mpira, na hivyo viwili kwa pamoja mara nyingi huvuka milimita 30. Huo ni wenzo: mkono mrefu nje, mkono mfupi ndani. Ukingo wa mfuko ukisukuma kwa nguvu ya kidole kimoja, springi za soketi na vile vituo vichache vya lehemu vinavyoishikilia kwenye bodi hubeba zaidi ya maradufu. Siku ya kwanza hutaona kitu. Miezi ikipita lehemu inapata ufa, na hapo ndipo mikwaruzo inapoanza.

Plagi iliyolala inaukata mkono wa nje ubaki milimita 6 au 7. Tena pini ni ya mviringo: waya ukivutwa upande, plagi hujizungusha ndani ya soketi badala ya kupambana nayo.

Nikiwa na miaka 14 nilikuwa nikisikiliza redio ndogo ya baba usiku, kwa kisikizio cha sikio moja, nisiwaamshe wenzangu. Usiku mmoja ikaniponyoka, ikaangukia plagi. Plagi haikupata hata mkwaruzo. Soketi ndiyo iliyong'oka na kipande cha bodi, na kwa kuwa katika redio ile njia ya kwenda kwenye spika ilipitia mumo humo kwenye soketi, spika nayo ikanyamaza. Baba hakunigombeza. Aliiweka juu ya kabati, ikakaa pale kimya miaka miwili, hadi nilipojifunza kulehemu nikairudishia sauti. Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu plagi inayochomoza mfukoni, unaniuliza jambo lililo karibu na moyo wangu.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta plagi iliyonyooka ya aina inayofunguka kwa kuzungusha, yenye sehemu tatu: ncha, pete na shina. Usitazame mng'aro wake, tazama bega, yaani ile sehemu ndogo ya duara mahali pini inapoishia. Bega ndilo linalopita kwenye tundu la kava. Pima tundu hilo, pima na unene wa kava. Kava likiwa na unene wa milimita 2 na bega likiwa pana kuliko tundu, pini haitazama hadi mwisho hata plagi yako iwe nyembamba namna gani juu yake. Huenda hilo ndilo lililokupata kwa ile uliyonunua.

Fungua ganda la nje uliweke kando. Utaona ulimi mdogo wa ncha katikati, ulimi wa pete pembeni yake, na ulimi mrefu wa shina wenye mikono miwili ya kubana waya. Huo mrefu ndio unaokula nafasi. Ukate ubaki milimita 3, na hizo nyingine mbili zipunguze zilingane nao. Kata kidogo kidogo kwa koleo kali, malizia kwa tupa. Nakusihi, usiukunje wala kuupinda kwa nguvu. Ndimi hizi zimebanwa pamoja na vipande vya plastiki vinavyozitenga, na ukizisokota, kile kifungo cha ndani hulegea na ncha hukutana na pete mahali usipopaona. Ukimaliza kukata, chukua mita ya umeme uiweke kwenye mlio (hulia pale umeme unapopata njia), gusa ncha na pete, pete na shina, ncha na shina. Ikilia hata mara moja, plagi hiyo itupe.

Kabla ya kulehemu, ichomeke plagi kwenye soketi ya zamani uliyoing'oa kwenye kifaa kibovu. Usitumie soketi ya kifaa chako kizima. Vitenganishi vya ndani ni plastiki, na joto likizidi hulainika, ncha ikapinda kidogo, nawe utagundua siku plagi itakapokataa kutoka. Soketi ya zamani huishikilia pini ikae wima na hunyonya joto. Pasi ya kulehemu iwe kwenye nyuzi 350 za selsiasi hivi. Kwaruza kila ulimi kwa msasa laini, paka flaksi (dawa ya kusafisha chuma ili lehemu ishike), weka tone la lehemu kwanza kwenye ulimi na kwenye waya kila kimoja peke yake, kisha viunganishe kwa sekunde moja au mbili. Lehemu ya zamani yenye bati 60 na risasi 40 huyeyuka kati ya nyuzi 183 na 190. Ile isiyo na risasi hutaka kama 217 na kuendelea, kwa hiyo mkono wako uwe mwepesi zaidi. Fungua dirisha, maana moshi wa flaksi ni mbaya kwa mapafu, na ukitumia yenye risasi nawa mikono kabla ya kugusa chakula.

Kama unatumia waya uleule wa hedifoni zako, utakuta ndani nyuzi za rangi zilizochanganywa na uzi wa nguo. Rangi ile ni vanishi inayozuia umeme, na lehemu haitashika hadi iungue. Weka tone kubwa la lehemu kwenye ncha ya pasi, zamisha nyuzi ndani yake, ongeza joto hadi 400, subiri hadi lehemu izikumbatie. Mara nyingi nyekundu ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, na rangi ya shaba tupu ni ardhi, yaani njia ya umeme kurudi, lakini pima kwa mita kabla ya kuamini. Kati ya ardhi na kila upande utasoma kama omu 16 au 32, kutegemea hedifoni, na utasikia mlio mdogo wa “tk” katika sikio husika. Kushoto kwenda ncha, kulia kwenda pete, ardhi kwenda shina.

Hapa kuna jambo ambalo wengi huliruka: waya uelekee upande gani? Chomeka plagi kwenye kifaa, kiweke mfukoni kama unavyokiweka kila siku, tazama. Kwa mfuko wa shati mimi hupeleka waya upande wa mgongo wa kifaa, ili usikwaruzane na ukingo. Kwa kuwa pini ni ya mviringo, unaizungusha tu hadi waya uelekee huko.

Na kabla ya kulehemu chochote, pitisha kwenye waya mirija miwili inayosinyaa kwa joto. Ukisahau hapo, utafungua kila kitu upya.

Kuhusu mwili wa plagi nina msimamo. Tumia gundi ya epoksi ya mirija miwili, ile inayochukua nusu saa au zaidi kuganda, kwa sababu ile ya dakika 5 hukuacha katikati ya kazi na mapovu ndani. Nakata pete ya urefu wa milimita 7 kwenye kifuniko cha plastiki cha kalamu nene, iwe kalibu ya kumiminia epoksi, na kuchonga nafasi ya waya ubavuni. Vifuniko vingi vya aina hiyo ni vya polipropilini, na epoksi haishiki polipropilini, kwa hiyo ikikauka pete inatoka yenyewe. Jaribu kwanza kwa tone moja kwenye kipande cha ziada. Chini naziba kwa plastisini kuzunguka bega, na pini naifunga kwa utepe, kwa sababu tone moja la epoksi kwenye pini linatosha kuharibu kazi yote.

Ndani ya kalibu hiyo, nyuzi zikae na mkunjo mdogo wa kulegea. Ganda la nje la waya liingie ndani ya epoksi walau milimita 5, likiwa limekwaruzwa kwa msasa na kufungwa mizunguko michache ya uzi wa kushonea. Sababu ni hii: lehemu ikiyeyuka hupanda ndani ya nyuzi za shaba na kuzifanya ngumu kama sindano, na waya hukatika pale ugumu unapokutana na ulaini. Mpaka huo ukizikwa ndani ya epoksi haukunjiki tena, na ukivuta waya, ganda na uzi ndivyo vinavyobeba. Ikiwa ganda la waya wako ni la silikoni au tefloni, epoksi haitalishika hata ukilikwaruza, kwa hiyo ule uzi ndio tegemeo lako lote.

Acha saa 24. Halafu sukuma ile mirija miwili inayosinyaa hadi kwenye mwili wa plagi na uipashe moto, wa ndani ukiwa mrefu kuliko wa nje, ili ugumu upungue hatua kwa hatua.

Wapo watakaokwambia utumie gundi ya kuyeyusha. Hulainika kifaa kikiachwa juani, na kwenye chuma laini hubanduka kama ganda la kidonda. Ile plastiki inayolainika kwenye maji ya nyuzi 60 ni nzuri kwa kujaribia umbo, lakini ina udhaifu uleule wa jua. Gundi ya papo hapo ni kavu mno, hupasuka. Silikoni nayo ilinifunza kwa machungu. Miaka ya nyuma nilijaza plagi tatu kwa silikoni ya kuzibia madirisha, ile yenye harufu ya siki, nikampa rafiki yangu anayerekodi waimbaji. Baada ya miezi michache upande mmoja ukafifia katikati ya kurekodi. Nilipozipasua, shaba ilikuwa ya kijani. Harufu ile ni asidi ya siki inayotoka silikoni inapoganda, na asidi hiyo hula shaba. Nilimrudia nikamtengenezea nyingine tatu za epoksi.

SWALI: Fundi, nimetengeneza plagi ya kona, bado sijaimimina gundi. Nikisikiliza wimbo, gitaa na ngoma zipo lakini sauti ya mwimbaji imepotea, kama anaimba ndani ya kisima. Hedifoni zimeharibika? – Mpenda kwaya

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usinunue nyingine. Waya wako wa ardhi haujashika.

Ardhi ikikatika, umeme unaotoka upande wa kushoto hauna njia ya kurudi isipokuwa kupitia kisikizio cha kulia, na wa kulia vivyo hivyo. Kinachobaki kusikika ni tofauti kati ya pande mbili tu. Mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawa kushoto na kulia, kwa hiyo tofauti ni sifuri, naye anatoweka. Gitaa lililowekwa upande mmoja linabaki. Ukishalijua hili hutalisahau, na utaweza kuitambua ardhi iliyokatika kwa kusikiliza tu, bila mita.

Ulimi wa shina ni mkubwa kuliko zile nyingine na umeunganishwa na chuma chote cha plagi, kwa hiyo hunyonya joto. Lehemu yako huenda imekaa juu tu kama tone la maji kwenye jani. Kwaruza, paka flaksi, acha pasi sekunde moja zaidi mpaka uione lehemu inatambaa na kulala. Halafu sikiliza wimbo mzima huku ukiukunja waya kila upande. Ni hapo tu ndipo uruhusu gundi.

SWALI: Plagi niliyoikata kwenye hedifoni za simu ina mistari mitatu, si miwili. Waya wa nne naupeleka wapi? – Msomaji wa kila toleo

JIBU: Huo ni wa maikrofoni. Katika simu nyingi mpangilio ni huu kuanzia ncha: kushoto, kulia, ardhi, na shina ndilo la maikrofoni. Baadhi ya simu za zamani zilibadilisha hizo mbili za mwisho, maikrofoni ikatangulia na ardhi ikawa shina. Kwa hiyo usikisie: ikate plagi ya zamani ukiacha sentimita 3 za waya, umenye nyaya zake, halafu gusa kwa mita kila waya na kila sehemu ya pini, uandike.

Ikiwa maikrofoni huihitaji na kifaa chako ni cha muziki tu, tumia plagi ya sehemu tatu, uuache waya huo ukiwa umekatwa na kufunikwa peke yake.

SWALI: Plagi iliyopakwa dhahabu inatoa sauti nzuri zaidi? – Mwenye shaka

JIBU: Kwa urefu wa pini moja, sikio halitatofautisha. Dhahabu haishiki kutu, na hiyo ni faida ya kweli kwa plagi inayokaa karibu na jasho. Lakini mpako huo ni mwembamba sana, na msasa unaumaliza mara moja. Kwaruza ndimi za ndani tu, pini usiiguse.

SWALI: Fundi, mimi ni mpiga gitaa. Pedali zangu, vile visanduku vya kubadilisha sauti ya gitaa kwa mguu, zimebanana kwenye ubao, na plagi za milimita 6.35 zinazifanya ziachane kama vidole vya mguu kwenye ndala. Nifuate njia ya epoksi? – Mpiga gitaa la solo

JIBU: Kwako wewe hapana, na nitakwambia kwa nini. Ukubwa huu ulitokana na mitambo ya kuunganishia simu ya karne ya 19, wakati mwendeshaji alichomeka na kuchomoa siku nzima kwa mkono, na una nafasi ya kutosha ndani. Zipo plagi za kona zilizobapa kama biskuti, zenye kifuniko cha skrubu, zinazofunguka ukitaka kurekebisha. Zinunue tupu, ufanye kazi ya waya mwenyewe. Epoksi ni ya pale ambapo hakuna nafasi ya skrubu. Kwenye ubao wa pedali, ambako kitu hukanyagwa na kuvutwa kila wiki, unataka uweze kufungua.

Kazi yako ina sehemu mbili tu, ncha na shina, lakini ina mtego mmoja. Nyaya nyingi za gitaa, chini ya ule wavu wa shaba, zina tabaka jembamba jeusi la plastiki linalopitisha umeme kidogo. Limewekwa kupunguza kelele waya unapotikiswa. Watu hulidhani ni ganda la kawaida la kuzuia umeme, wakaliacha liguse waya wa katikati au ulimi wa ncha. Mita hailii, maana si njia iliyofungwa kabisa, ila sauti inafifia na gitaa linapoteza ule ukali wake, nawe utaanza kulaumu pedali. Limenye tabaka hilo lirudi nyuma milimita 4 au 5 kutoka mahali unapolehemu, kwa wembe na subira, bila kukata ganda jeupe lililo chini yake.

Tandika karatasi ngumu au utepe ndani ya kifuniko, kwa sababu katika plagi iliyobapa hivyo kifuniko kinakaa karibu sana na ulimi wa ncha, na tone la lehemu lililochomoza linatosha kukigusa. Ukiwa na shaka, lipunguze kwa tupa.

Usiwe na wasiwasi kuhusu ubora wa waya katika vipande vifupi. Waya wa gitaa huwa na kapasitansi, yaani tabia ya kuhifadhi chaji ambayo ikizidi hufifisha ukali wa sauti, ya kama pikofaradi 100 kwa mita. Kipande cha sentimita 15 kina 15 tu, wakati ule mrefu wa mita 5 unaotoka kwenye gitaa kwenda ubaoni una kama 500. Ukitaka kutumia pesa zaidi kwenye waya, zitumie kwenye huo mrefu.

Pima umbali kati ya pedali zikiwa zimeshafungwa ubaoni, ongeza sentimita 3 kwa kila kipande, halafu ndipo ukate.